Mzaha Niliousema Nusu

Shuleni kwetu Matema hakuna mtu ambaye sijapata kumwigiza. Mwalimu nimemwigiza, anavyotembea kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki tujue. Bwana wa misheni nimemwigiza, siku ile jino lilipomvimbisha shavu akahubiri habari za subira kwa upande mmoja wa mdomo. Mbuzi wa mpishi nimemwigiza mpaka mbuzi mwenyewe akaitika. Kipaji hiki hunipa heshima ambayo hesabu hazijawahi kunipa.

Lakini yuko mtu mmoja niliyemwigiza mara moja tu, na wenzangu wakiniomba nirudie, najifanya koo linaniuma. Huyo ni Mtaliani.

Alishuka kutoka meli ya Serikali wakati wa kiangazi, ana sanduku moja la mbao na kofia iliyokwisha kufa zamani ila yeye hajaambiwa. Alikuja kuezeka shule mpya. Kuta zilikuwa zimesimama mwaka mzima zikingoja mabati, na mabati yalikuwa hayafiki. Mtaliani akamwambia Bwana wa misheni: udongo upo, kuni zipo, nitakufanyia vigae kama vya kwetu. Wakapatana mbele ya watu wote. Mvua ikikuta paa limekwisha, atabaki, na baada ya shule ataezeka kanisa, na baada ya kanisa ataitwa huko milimani. Ikikuta bado, mabati yataletwa, naye ataondoka na meli iliyoyaleta.

Tulipomwona anavua shati tukajua huyu ni mzungu wa namna nyingine. Kidachi alikijua, lakini kilikuwa Kidachi cha matanurini. Alikiokota akiwa mtoto, alipokuwa akivuka milima kila mwaka na baba yake kwenda Udachi kuchoma matofali. Alipokisema, Bwana wa misheni alifumba macho kidogo, kama mtu aliyetiwa chumvi nyingi. Kiswahili alikiokota pwani, kwenye kazi ya reli, na maneno yake mengi yalikuwa ya kuhimiza watu wabebe kitu. Sisi shuleni tunasoma kwa Kinyakyusa. Kiswahili mimi nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa mpagazi, matusi yakitangulia. Basi nikatolewa darasani nikawe mkalimani wa Mtaliani. Msije mkanionea huruma, ilikuwa saa ya hesabu.

Neno lake la kwanza lilikuwa: udongo mzuri uko wapi? Wanaume walimtazama kama aliyeuliza atazalia wapi. Huku kwetu mwanamume anaweza kukandika nyumba, hilo sawa, lakini udongo wa kufinyanga hagusi. Hiyo ni kazi ya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wanaokuja na mitumbwi iliyojaa vyungu, na mmoja wao ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Siku ya soko nikampeleka Mtaliani kwake.

Aliinua chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Mwambie huyo asikivunje," Bibi akasema.

"Anakisikiliza, Bibi."

"Anasikiliza nini? Chungu hakisemi na wanaume."

Mtaliani akaona donge la udongo mbichi kando ya miguu yake. Akamega punje, akaitia mdomoni, akaitafuna kwa meno ya mbele, taratibu, kama panya mwenye mashaka. Mimi nilikuwa karibu kuangua kicheko, nikamwona Bibi anayatazama meno yale. Na yeye hufanya vilevile. Husikiliza mchanga kwa meno.

"Mwulize nani alimfundisha."

Nikamwuliza. "Mama," Mtaliani akasema. "Mama yangu kubeba udongo, mimi mgongoni."

Bibi akamtazama tangu kofia mpaka viatu. "Kumbe hata kwao kuna watu," akasema. Kesho yake akaja na wenzake watano.

Siku zile zilikuwa nzuri. Wanawake walichimba, wakakanda, wakaondoa vijiwe. Mtaliani alilaza udongo juu ya gogo lililochongwa kama paja la mtu mnene, akaupigapiga, akauvua, kigae kikabaki. Wanaume walikata kuni na kujenga tanuri, wakijitenga na udongo kana kwamba una ukoma. Mchana Mtaliani alipika ugali wa mahindi katika sufuria yake nyeusi, akaumimina juu ya ubao, akauacha upoe, kisha akaukata kwa uzi. Kwa uzi, nakuapia. Alishika ncha mbili, akaupitisha chini, akavuta juu, na kipande kikasimama peke yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Akasema kwao ndicho chakula cha kila siku, na Wataliani wa kusini huwatukana wao wa kaskazini kwa jina la ugali huo.

"Na wao wa kusini si ndugu zao?" Bibi akauliza.

Nikatafsiri. Mtaliani akakuna kichwa chini ya kofia. Ndipo akatusimulia habari ya nchi yake, na kwa kuwa Kiswahili si cha mama yangu wala cha mama yake, alisema polepole na mimi nilisikiliza polepole. Alisema mama yake alizaliwa mtu wa Kaisari mwingine, wa Austria. Siku moja askari wakapita kijijini, bendera ikabadilishwa, padri akaanza kumwombea mfalme mpya. Mama yake alikuwa akikamua ng'ombe. Alichuchumaa Mwaustria, akainuka Mtaliani, na maziwa ni yaleyale.

"Anasema Kitaliani?" nikauliza.

"Mama? Hajui hata neno. Kwetu tuna lugha yetu. Mimi kujifunza Kitaliani jeshini. Mkubwa wetu kupiga kelele, 'Simameni, Wataliani!', sisi kutazamana. Nani anaitwa?"

Nilipomtafsiria Bibi, hakucheka. "Mimi niliambiwa ni mtu wa Kaisari nilipokuwa naanika vyungu," akasema. "Sikuinuka hata."

Mtaliani akaupenda usemi huo mpaka akapiga magoti yake kwa viganja. Kando ya Bibi palikuwa na chungu chake cheusi cha mbegu za maboga, kile anachotembea nacho kila mahali, kilichofinyangwa na mama yake kabla yeye mwenyewe hajaota meno. Mtaliani akauliza umri wake, akahesabu kwa vidole, akakivulia kofia chungu kile.

"Shikamoo," akakiambia. "Huyu mkubwa wa Taliani. Mimi nchi yangu ndogo, imezaliwa nyuma ya chungu."

Tukacheka. Kisha akatazama nyuma kama Bwana wa misheni yuko karibu, akaniinamia sikioni. "Na Udachi? Udachi mdogo tena. Mdogo wa Taliani. Kitinda mimba!" Akaweka kidole chenye udongo juu ya midomo yake. Nilipomnong'oneza Bibi nusu hiyo, alicheka mpaka akaketi chini. Wadachi wale wenye boma, wenye bendera, wenye kiboko, wadogo kuliko chungu cha mbegu za maboga!

Naieleza kwa urefu ili ieleweke kwamba mzaha haukuwa wangu. Ulikuwa wake, naye alinipa ukiwa mzima.

Mwezi wa kumi, vigae vya nusu ya paa vikiwa vimechomwa na vya nusu nyingine vimeanikwa vibichi, Bwana Mkubwa wa boma alikuja kukagua shule. Viti viliwekwa mbele kwa ajili ya wazungu. Watu walijaa, na wanawake wa Ikombe waliambiwa waje na vyungu vyao vizuri, Bwana Mkubwa achague. Mtaliani hakupewa kiti. Alisimama pembeni na wakata kuni, amevaa shati safi.

Tuliimba. Tukataja mito ya Udachi ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayekunywa maji yake. Mwenzangu mmoja akaonyesha kwenye ramani nchi za Ulaya, na alipofika kwenye ile inayofanana na buti Bwana Mkubwa akacheka puani, akamnong'oneza jirani yake neno, wote wakamgeukia Mtaliani. Kisha Mwalimu akaniita. Nilikuwa nimetayarisha mbuzi. Naapa nilikuwa nimetayarisha mbuzi.

Watu husema, sijui nini kiliniingia. Mimi najua. Niliona wale wa viti vya mbele wanapenda kumcheka nani, nikataka kicheko kile kiwe changu.

Nikamwomba Mtaliani kofia yake. Nikaivaa vibaya. Nikatembea kama yeye, mikono ikiongea peke yake. Nikaketi chini, nikanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake wa Ikombe, nikajifunga kanga ya mtu kifuani, nikafinyanga hewa huku nikitikisa makalio, nikafuta kamasi kwa mkono wa juu kama Bibi mikono yake ikiwa na udongo. Nikaonja udongo, nikaufurahia, nikaomba mboga. Nikakata ugali kwa uzi, uzi ukanasa kwenye meno. Watu wakaanguka. Hata Mtaliani alicheka, nilimwona, alicheka kwa moyo wote, kama mtu anayeona wanawe wakicheza.

Nikainuka, nikajipiga kifua. "Mimi mzungu," nikasema kwa Kiswahili ili Bwana Mkubwa aelewe, nikarudia kwa Kinyakyusa ili hata kiziwi asikose. "Mimi mzungu, lakini mama yangu hajui lugha ya nchi yake! Mimi mzungu, lakini nchi yangu changa kuliko chungu cha bibi!"

Bwana Mkubwa alipiga makofi juu ya paja mpaka upanga wake ukalia. Na hapo, katikati ya kelele, nikamtazama Mtaliani. Alikuwa ameacha kucheka, lakini hakuwa na hasira. Alikuwa ananyanyua nyusi kidogo. Alikuwa anangoja. Alijua mzaha ule una nusu ya pili, na alidhani nimeanza na yake ili nimalizie na ya wale wa viti.

Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Kitinda mimba, basi, neno moja tu la kitoto. Lakini nyuma ya kiti cha Bwana Mkubwa alisimama askari mwenye kiboko, na hamsa ishirini nimeziona zikipigwa mgongoni mwa mtu. Nikavua kofia, nikainama.

Nilipoinua kichwa, Mtaliani alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi alikuwa amekwisha kuinuka. Alikunja nguo yake, akatwika chungu chake cheusi, akaondoka bila kuuza hata kimoja, na wenzake watano nyuma yake.

Nilipewa zawadi: picha ya Kaisari mwenye masharubu yaliyosimama kama pembe za ng'ombe.

Kesho yake hakuna mwanamke aliyekuja. Nikatumwa Ikombe kuwaita. Mmoja wao, ambaye hata mwanzo hakunipenda, alinijibu bila kuinua macho: "Hatufinyangi mchezo. Kafinyange wewe, makalio si unayajua?" Bibi alikuwa ndani. Hakutoka.

Wakata kuni nao walibadilika. Mtaliani akisema leteni kuni, wanajibu, "Ndiyo, mama," wakacheka, wakaleta mbichi. Alikanda udongo peke yake, akauumba peke yake, akalisha tanuri peke yake. Mimi nilikuja saa zilezile za hesabu, nikasimama bila kazi, kwa maana hapakuwa na mtu wa kutafsiriwa. Hakunifukuza. Hakunigombeza. Alisema "Jambo, rafiki," akaendelea. Ningeweza kuvua nguo zangu nikakanda udongo mbele ya wanaume wote wale. Niliwaza jambo hilo kila siku, na kila siku nikaona haya.

Mvua ilikuja mapema. Milima ya Matema ikajifunika, ziwa likawa jeusi, na kabla hatujamaliza kukimbia maji yalikuwa yanaanguka kama yanamwagwa. Tulikuta Mtaliani anatupia matete juu ya vigae vibichi, anakimbia huku na huku, anafunika hapa, pale panafunuliwa. Vilikuwa vinalainika, vinainama kimoja kimoja kama watu wanaosinzia kanisani, vinarudi kuwa matope. Alisimama katikati na kofia yake ikimwaga maji pande zote. Sikuona jambo la kuigiza.

Baada ya siku tatu nikashikwa na homa. Bwana wa misheni alinipa kwinini, akasema ni mbu. Nami nakubali mbu. Lakini mbu hao walikuwa wapi siku zote? Kwetu tunajua hasira inayosemwa haina neno. Mtu anakuweka mbele yake, anakuambia yote, anamaliza, anachukua maji mdomoni, anayapuliza chini, na imekwisha, mnakula pamoja. Inayodhuru ni ile anayoificha mtu tumboni huku anakuchekea. Na Mtaliani alikuwa akiniambia "Jambo, rafiki."

Bibi alikuja siku ya pili ya homa. Hakuuliza hali.

"Makalio uliyowatikisia Wadachi ni yangu," akasema. "Kamasi uliyoifuta ni yangu. Mikono uliyoichezea ndiyo iliyokutia uji mdomoni mama yako alipokufa. Ulinivua nguo mbele ya watu, ukapewa picha. Ndiyo hiyo ukutani? Hata hayawani ana haya. Wewe huna, umejaa meno tu."

Alisema kwa muda mrefu. Mengine siandiki. Alipomaliza alichukua maji kibakulini, akayapuliza miguuni pangu, akafuta mdomo.

"Mimi nimemaliza. Ndaga," akasema, neno letu la asante na la amani, nikanywa uji wake. Kisha akauliza, "Na yule?"

"Yeye hana hasira, Bibi. Ananiita rafiki."

"Aa," Bibi akasema. "Basi hiyo ndiyo mbaya." Akaniachia kibakuli.

Meli ilileta mabati wiki ile. Nilitoka kitandani, nikachota maji safi katika kibakuli cha Bibi, nikamkuta Mtaliani ufukoni ameketi juu ya sanduku lake. Wapagazi walikuwa wanapita na mabati vichwani, na Bwana wa misheni alikuwa hatua chache tu, akiyakagua.

"Bwana," nikasema, "nigombeze."

"Nini?"

"Nigombeze. Niambie yote. Unaondoka nayo tumboni, na mimi ninaumwa."

Alinitazama. "Hakuna neno, rafiki. Wewe kusema kweli. Mama hajui Kitaliani. Chungu mkubwa. Kweli yote."

"Si yote! Nilisema nusu!" Nikaona anageuza uso kwenda ziwani, nikahisi hii ndiyo mara ya mwisho, nikageukia upande wa Bwana wa misheni na wapagazi, nikapaza sauti: "Na Udachi je? Na Udachi ni—"

Kiganja chake kikaniziba mdomo. Kilikuwa kinanuka tanuri. Bwana wa misheni aligeuka, akaona mzungu amemshika kijana uso, akarudi kwenye mabati yake.

Na hapa niseme jambo ambalo sijamwambia hata Bibi. Kiganja kile kiliponiziba, nilishukuru. Mwili mzima ulishukuru, tangu utosi. Sijui kama ningemaliza neno lile. Yamkini nilipaza sauti kwa kuwa nilijua ataniziba.

Naye, nadhani, aliihisi shukrani ile chini ya kiganja chake. Aliniachilia kama mtu aliyeshika kitu cha moto, na ndipo akaanza. Hakusema Kiswahili, wala Kidachi, na Kitaliani cha jeshini nadhani hakikuwa. Ilikuwa lugha ile ya mama yake, ya ng'ombe na maziwa, ambayo ufukoni pale hapakuwa na mtu wa kuijua hata neno, na mikono yake ilikuwa inaruka kama ndege waliotishwa. Alionyesha tanuri. Alionyesha matope. Alijipiga kifuani, akalionyesha buti lake, akaonyesha milima. Wapagazi walisimama na mabati vichwani. Nilisimama wima nikapokea yote, na kwa mara ya kwanza tangu niende shule nilisikiliza kila neno.

Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtoka na sauti imemkauka. Nikampa kibakuli kwa mikono miwili, kama ipasavyo. Nilikuwa nimekwisha kutanguliza mguu mbele ili maji yaangukie pale.

Mtaliani akakipokea, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kisha akanywa. Aliyanywa yote, kichwa nyuma, koo likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho.

"Ndaga," akasema, akanirudishia kibakuli kitupu, akabeba sanduku lake.

Mabati yako juu ya vichwa vyetu sasa. Mvua ikinyesha, Mwalimu anafungua na kufumba mdomo bila sauti, jambo ambalo zamani ningelitumia vizuri sana. Kigae kimoja kilichochomwa Bibi alikichukua, anafunikia chungu chake cheusi.

Jioni ile ya meli Bibi alikuwa ananingoja mlangoni.

"Alisema?"

"Alisema, Bibi. Alisema sana."

"Akapuliza?"

Nikamwonyesha kibakuli. "Alikunywa."

"Yote?"

"Yote."

Bibi akakigeuza, akakitazama ndani, akakifuta kwa pindo la nguo yake.

"Huenda kwao ndivyo wanavyofanya," akasema mwisho. Lakini hakusema kwa uhakika, na homa yangu bado huja na kwenda.